Presha Ikishuka

Ukiacha chuo Kenya, kuna sentensi moja utaambiwa hata kabla hujamaliza kuhamisha godoro: presha ndiyo hutengeneza almasi. Mhubiri atakuambia. Mjomba aliyewahi kufika Marekani atakuambia. Yule msee wa hotuba za kuinua roho, anayelipwa kukuhimiza uamke saa kumi alfajiri, atakuambia kwa sauti ya juu. Utaikuta nyuma ya matatu ya Rongai imeandikwa kwa rangi tatu, na utaikuta kwenye steitasi ya mtu ambaye juzi tu alikuwa anakuomba soo ya nauli.

Mimi nimeambiwa mara nyingi kwa sababu niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na nilichokuwa nasomea ni kemia. Ada ilikwama, mathe alikuwa ameshauza ng'ombe wawili, na wa tatu hakuwepo. Basi. Hiyo sehemu ya hadithi haina mengi. Ila mtu aliyesoma kemia, hata kama ni nusu, ukimwambia kwamba presha hutengeneza almasi hawezi kuitikia amina tu. Atataka kujua: presha kiasi gani? Joto je? Ndani kuna nini? Na kuna swali ambalo sijawahi kumsikia mtu wa hotuba akiligusa: presha ikishuka, kile kitu kinakuwaje?

Jibu zuri kuliko yote ambayo nimekutana nayo linatoka kwenye kampaundi za fosforasi na nitrojeni. Nivumilie kidogo. Hakuna hesabu ngumu.

Tuanze na presha yenyewe. Neno hili tumelitumia hadi limechakaa: presha ya damu, presha ya kodi, presha ya wazazi. Maabarani ni kitu rahisi. Ni nguvu ukiigawanya kwa eneo inalokanyaga. Ndiyo maana kiatu cha kisigino chembamba kinazama kwenye matope ambapo gambuti inapita juu. Hewa inayotuzunguka inatukandamiza pia, ila hatuhisi kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Tairi la matatu lina mara kadhaa ya hapo. Chini kabisa ya bahari, kwenye shimo la Mariana, ni zaidi kidogo ya mara elfu moja. Watu wa presha kubwa huhesabu kwa gigapaskali, na gigapaskali moja ni karibu mara elfu kumi ya presha ya hewa. Kwa hiyo shimo lote la Mariana, na maji yake yote, halifikishi hata gigapaskali 0.12.

Almasi ya kiwandani, ile iliyoanza kutengenezwa Marekani katikati ya miaka ya 1950, huhitaji kama gigapaskali 5. Lakini pia huhitaji joto linalopita nyuzi 1,000 sentigredi, na kwa kawaida metali iliyoyeyuka ya kuzisaidia atomu za kaboni kuhama. Chukua grafiti, ule weusi wa ndani ya penseli, uibane kwa gigapaskali hizo hizo ikiwa baridi. Itabanika tu. Ukiiachilia, inarudi kuwa penseli. Atomu zinapenda zilipo, na bila joto hazina nguvu ya kuachana na majirani wa zamani ili zishikane na wapya. Sentensi ya matatu tayari ina shimo la kwanza.

Fosforasi na nitrojeni zilinijia kwa njia ya kibarua. Ninaandika vitu vya watu, nalipwa kwa neno, na mteja mmoja wa ng'ambo anayeuza vifaa vya kukatia chuma alitaka makala ya maneno 800 kuhusu vitu vigumu kuliko vyote duniani. Kazi ya usiku mmoja. Nikanunua bando, nikaanza kusoma, na saa nane usiku nilikuwa bado nimekwama kwenye utafiti mmoja wa mwaka 2022 ambao mteja hakuuhitaji hata kidogo. Makala yake niliituma ikiwa na almasi na chuma cha kawaida, akalipa. Utafiti nikabaki nao.

Kinachochekesha ni kwamba hizi atomu mbili nilizijua kabla ya kujua kusoma. Nyumbani ni Trans Nzoia, na huko kila mtoto amebeba DAP. Ile namba kwenye gunia, 18-46-0, ndiyo hao wawili: 18 ni nitrojeni, 46 ni fosforasi ikihesabiwa kama oksidi yake, na sufuri ni potasiamu isiyokuwemo. Mathe hupandia hiyo, halafu mahindi yakifika magotini anaweka CAN. Lakini humo ndani ya gunia, fosforasi na nitrojeni hazijashikana. Nitrojeni imeshikwa na hidrojeni, fosforasi imeshikwa na oksijeni. Wamekaa gunia moja kama abiria wa viti jirani, safari nzima bila salamu.

Na kila mmoja ana tabia zake. Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi, na haifanyi chochote. Atomu mbili zimekumbatiana kwa vifungo vitatu, moja ya kumbatio kali kuliko yote katika kemia, na hazina haja na mtu mwingine. Ili kuzitenganisha na kutengeneza mbolea, viwanda hutumia chuma kama kichocheo, joto la nyuzi 400 na zaidi, na presha ya mara 200 hivi ya hewa. Fosforasi ni kinyume chake. Ile nyeupe huwaka yenyewe ikiguswa na hewa. Ile nyekundu, iliyotulia kidogo, iko ubavuni mwa kiberiti chako. Ilipatikana Hamburg mwaka 1669, wakati Hennig Brand alipokuwa akichemsha mkojo, mkojo mwingi mno, akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alipata kitu cheupe kinachong'aa gizani, na jina lake la Kigiriki likaja kumaanisha mbeba mwanga.

Mmoja hataki mtu, mwingine anamrukia kila mtu. Kuwaunganisha ni kazi, lakini inawezekana. Hata angani, mwaka 1987, wanaanga walitambua molekuli yenye atomu moja ya fosforasi na moja ya nitrojeni kwenye mawingu ambamo nyota huzaliwa. Hapa duniani kampaundi yao maarufu ni P₃N₅: fosforasi tatu kwa nitrojeni tano. Hutengenezwa maabarani bila presha ya ajabu, na ukiipasha moto kupita kiasi inavunjika, nitrojeni inatoroka kurudi kwenye kumbatio lake. Yaani hata ukishawaoza, mmoja ana mguu nje.

Muundo wake wa kawaida, unaoitwa alfa, ulipimwa sawasawa na kuchapishwa mwaka 1997 na kundi la Wolfgang Schnick huko Ujerumani. Fikiria mafiga matatu na sufuria juu yake. Mafiga ni nitrojeni tatu, sufuria ni nitrojeni ya nne, na moto ulio katikati ndio fosforasi. Kila fosforasi ina majirani wanne, imekaa katikati yao. Halafu hizo jiko ndogo zimeungana na nyingine kwa kushiriki mafiga, pande zote, hadi zinakuwa fuwele nzima. Hivyo ndivyo P₃N₅ inavyoishi ikiachwa kwa amani. Majirani wanne, nafasi ya kutosha.

Presha haipendi nafasi. Umewahi kupanda matatu ya abiria 14 saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, na makanga anasema bado kuna nafasi ya mmoja? Unajua basi kinachotokea. Watu hawawi wadogo. Mpangilio ndio hubadilika: goti linaingia pale, bega linalala huku, na mtu uliyekuwa umemuona kwa mbali anakuwa jirani yako kabisa. Atomu hufanya hivyo hivyo. Zikibanwa vya kutosha, na zikipewa joto la kuhama, zinatafuta mpangilio ambao kila moja ina majirani wengi zaidi.

Mwaka 2001 kundi lilelile la Schnick, pamoja na Kai Landskron na Hubert Huppertz, walibana P₃N₅ kwa gigapaskali 11 na kuipasha hadi nyuzi 1,500. Waliitoa ikiwa na sura mpya, wakaiita gama. Humo baadhi ya fosforasi zilikuwa bado na majirani wanne, lakini nyingine zilikuwa na watano: nitrojeni nne chini kwenye pembe za mraba, moja juu, kama piramidi. Fosforasi yenye nitrojeni tano lilikuwa jambo la kushangaza. Na mtu yeyote anayejua kuhesabu angejiuliza linalofuata. Sita je?

Sita ndiyo namba iliyokuwa inawindwa. Kwa kampaundi za aina hii, majirani sita humaanisha vifungo vingi vikali vilivyosongamana, na hapo ndipo vitu visivyobonyezeka hupatikana. Mwaka 2019 fosforasi yenye nitrojeni sita ilikuwa imeshaonekana, ila ndani ya kampaundi iliyochanganywa na boroni. Kwa fosforasi na nitrojeni peke yao, bado.

Waliofika huko ni watafiti wa Bayreuth, Ujerumani, wakiongozwa na Dominique Laniel, pamoja na wenzao wa vyuo vingine. Msomaji wa gazeti la fasihi huenda analijua jina Bayreuth kwa sababu nyingine: ni mji ambao wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana kwa kongamano miaka nenda miaka rudi. Sijui kama watu wa presha na watu wa ushairi hukutana kwenye foleni ya chakula. Ningependa sana iwe hivyo.

Kifaa chao kinatoshea kiganjani. Kinatumia almasi mbili, ncha zimekatwa zikawa bapa, zikitazamana kama fuawe mbili za mhunzi. Kumbuka kiatu cha kisigino. Ncha ya almasi kwa kazi hii ina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo hata kukaza skrubu kwa mkono kunazaa presha ya kutisha. Kati ya almasi hizo kunawekwa kibati chembamba chenye tundu, gasketi tu kama ile ya injini, na ndani ya tundu kinaingizwa kipande cha fosforasi ambacho macho hayakioni bila hadubini. Nafasi inayobaki inajazwa nitrojeni iliyoshindiliwa. Halafu unakaza. Na kwa kuwa almasi hupitisha mwanga, unaweza kupasha kipande hicho kwa leza ukiwa nje, kisha ukapitisha miale ya eksrei na kusoma atomu zimejipangaje.

Kifaa hicho kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye ofisi ya serikali ya viwango, na almasi za mwanzo zilikuwa zile zilizonaswa kwa walanguzi. Magendo yakawa sayansi. Na eksrei zenyewe si za hospitali. Ni za mashine kubwa za mviringo ambamo elektroni hukimbizwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mojawapo, PETRA III, ina kituo maalum cha vitu vilivyobanwa hivi, na iko Hamburg, mji uleule ambao Brand alichemshia mkojo. Miaka 350 na zaidi, mji mmoja, fosforasi ileile.

Sasa matokeo. Kwenye gigapaskali 72 ilizaliwa P₃N₅ mpya, wakaiita delta. Kwenye 134 ilizaliwa nyingine kabisa, PN₂, yenye nitrojeni mbili kwa kila fosforasi. Ili upate picha ya 134: ungelazimika kuchimba karibu kilomita 2,900 chini ya miguu yako, hadi pale mwamba unapokutana na kiini cha chuma kilichoyeyuka, ndipo uikute presha kama hiyo. Na katika zote mbili, sita ilikuwepo. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, kila upande nitrojeni, na fosforasi katikati, imesongwa kuliko abiria yeyote wa Rongai.

Vitu hivi havikubali kubanwa zaidi. Kuna kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kupunguzwa ujazo: chuma cha pua kina kama 160, almasi kama 440. Delta ilipata 322, PN₂ ikapata 339. Mara mbili ya chuma. Hapa ndipo mtu wa hotuba angefunga kitabu na kuanza kushangilia. Umeona? Presha! Umekuwa mara mbili ya chuma!

Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walifanya kitu ambacho hotuba hazifanyi. Walianza kulegeza.

Kulegeza presha ni kazi inayoogopwa. Wanaofanya majaribio haya wanajua kwamba almasi zenyewe mara nyingi hupasuka wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Na kilichomo ndani nacho kina njia zake. Iko nitrojeni ambayo wanasayansi wa Mainz waliibana mwaka 2004 kwa zaidi ya gigapaskali 110, kumbatio likavunjika, atomu zikashikana kwa mtandao mmoja kama wa almasi. Muujiza wa kweli. Lakini walipolegeza, haikudumu hadi kufika kwenye hewa ya kawaida. Hiyo ni njia ya kwanza: unarudi ulivyokuwa. Almasi ni njia ya pili: imetengenezwa chini sana, ikatoka, ikabaki almasi. Hotuba zote zinaijua hiyo tu, na zinafanya kana kwamba ni sheria ya kila kitu.

Delta ilichukua njia ya tatu. Walishuka nayo kutoka 72, ikastahimili. Ikashuka, ikashuka, bado delta. Ilipofika chini ya gigapaskali 7, ikashindwa kushikilia. Majirani sita wakawa wengi mno kwa presha iliyobaki. Atomu zikajipanga upya, kila fosforasi ikarudi kwa majirani wanne, mafiga matatu na sufuria.

Nilipofika hapo kwenye ule utafiti nilidhani mwisho naujua. Imerudi kuwa alfa. Imerudi nyumbani.

Haikurudi. Majiko ni yaleyale, ila namna yalivyoungana hakuna aliyewahi kuiona mahali popote. Mpangilio mpya kabisa, na ulibaki hivyo kwenye hewa ya kawaida, juu ya meza ya kawaida. Wakaupa jina la alfa tena, lakini kwa alama ndogo begani: α′. Alfa, ila si ile. Na neno waliloliwekea mkazo ni kwamba kulikuwa na eneo zima la vitu ambavyo usingevifikia kwa kwenda moja kwa moja, ila kwa kupitia kitu kilichozaliwa kwenye presha kubwa kisha kikalegezwa.

Nilisoma hiyo sehemu mara tatu, kwenye simu, bando likielekea kuisha.

Nina shangazi Kitale anayeniita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Kila akinipigia, baada ya kuuliza kama nimekula, swali ni lilelile. "Baba, utarudi lini?" Anamaanisha chuo. Kwa hesabu yake kuna mambo mawili tu: urudi umalize, uwe almasi, au ubaki hivyo, uwe penseli. Ananipenda, na sijawahi kuwa na jibu linalomtosha. Nikimwambia naandika, ananiuliza naandikia nani. Nikimwambia watu wa ng'ambo, ananyamaza kidogo, halafu anasema Mungu yupo.

Kwa hiyo sikiliza, Shangazi. Si kila kinachotoka kwenye presha hurudi kilivyokuwa, na si kila kisichorudi kimekuwa almasi. Siku hizi nafanya kazi ya kueleza mambo ya maabara kwa Kiswahili ambacho wewe mwenyewe ungekisoma ukingoja zamu kwa posho mill. Kazi hiyo haikuwa kwenye orodha ya kozi. Nisingeifikia kwa kumaliza muhula wa pili na kuvaa joho, na nisingeifikia kama nisingekaa miaka miwili na nusu nikijifunza muundo wa fuwele ni nini. Ukinitazama kwa mbali ninafanana na kijana yuleyule aliyeondoka na sanduku la bati. Majiko ni yaleyale. Yameunganishwa vingine.

Lakini hapa niseme jambo kwa uwazi, maana najua mtu ataikata aya hiyo na kuiweka kwenye picha ya machweo. Siishukuru presha. Rafiki yangu niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa analinda geti usiku, anaingia darasani asubuhi, anakula mara moja kwa siku. Siku moja tulikaa ukumbini tukaambiwa ile sentensi ya almasi, na yeye akapiga makofi kuliko mtu yeyote. Wiki chache baadaye alianguka katikati ya mtihani. Yuko kwao sasa. Kuna siku anashika simu na kuna siku hashiki. Hakuna aliyempima ana gigapaskali ngapi. Maabarani presha inapimwa kila hatua, mara nyingi kwa chembe ya yakuti inayowekwa humo humo ndani, ambayo rangi ya mwanga wake hubadilika kadiri presha inavyopanda. Sisi hatukuwa na yakuti. Tulikuwa na makofi.

Na ukiitazama α′ vizuri, haisifii presha hata yenyewe. Tazama ilizaliwa wapi. Kule kwenye 72, ambapo kila kitu kilikuwa kigumu na kizito na cha kupigiwa makofi, palizaliwa delta, na delta haikuweza kuishi huku kwetu. Kile kilichoweza kuishi huku, kwenye hewa ambayo mimi na wewe tunaivuta, kilipata sura yake wakati mtu alipokuwa analegeza skrubu. Polepole, huku akitazama.

Hilo ndilo ningependa liandikwe nyuma ya matatu, ingawa najua halina mvuto. Mtu akikuambia yuko chini ya presha, usimwambie almasi. Muulize ni kiasi gani. Muulize amekula. Kama kuna skrubu moja mkononi mwako, deni unaloweza kungojea, chumba unachoweza kugawana, simu unayoweza kupiga siku ambayo haishikwi, basi ilegeze robo mzunguko. Kitakachotokea hukijui. Labda atarudi alivyokuwa, na si vibaya. Labda atakuwa kitu ambacho bado hakina jina, na itabidi mtafute alama ndogo ya kumwekea begani.

Mvua za mwezi wa tatu zikianza, kuna malipo nangoja kutoka kwa mteja mwingine. Yakiingia namtumia mathe ya DAP, magunia mawili. Rafiki yangu nitampigia Jumapili.